Mgeni Asiyepewa Jembe

Methali isemayo "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" hufundishwa karibu kila mahali panapofundishwa Kiswahili, na sisi walimu wa huku Muganza hatukuiacha nyuma. Mwanafunzi huambiwa kuwa hilo ni onyo kwa mgeni, asije akazoea kula jasho la wenzake. Mwalimu Nyerere naye aliitumia kwa maana hiyohiyo katika kijitabu chake cha Ujamaa cha mwaka 1962, alipotaka kuonyesha kwamba jamii ya kale ya Kiafrika haikuwa na nafasi ya mnyonyaji. Maana hiyo hatuipingi. Twasema tu kwamba methali hii ina upande wa pili ambao aghalabu tunausahau darasani, nao ni upande wa huyo mgeni. Jembe analopewa siku ya tatu lina heshima ndani yake. Tangu saa ile hakai tena sebuleni akiulizwa kama amelala vizuri. Anatoka na wenyeji alfajiri, anapewa tuta lake, na jioni akichelewa kurudi watu wanauliza yuko wapi. Kwa kumpa jembe wamemwambia kwamba sasa ni mmoja wao, na kwamba shamba litajua siku asipokuwapo.

Basi yafaa tujiulize. Mtu akikaa siku ya tatu, na mwezi wa tatu, na mwaka wa tatu, analishwa na kulazwa vizuri lakini jembe hapewi, je, mtu huyo amekirimiwa au amedharauliwa?

Swali hili tunaliuliza kwa sababu wageni wa namna hiyo wamejaa katika kazi za mshahara za nchi zetu zote za Afrika Mashariki na ya Kati. Wana viti, wana meza, wana barua za ajira zenye mihuri. Kitu wasichokuwa nacho ni kazi. Hapa Rwanda tangu Januari 2023 saa rasmi za kazi ni kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na kwa watu wengi, shukrani kwa Mungu, saa hizo hazitoshi. Lakini yuko mfanyakazi ambaye shughuli yake ya siku nzima humalizika kabla chai ya asubuhi haijapoa, na zilizobaki hana la kuzifanyia. Siku ya namna hiyo ikimpata mtu mara moja ni mapumziko. Ikimpata kila siku kwa miaka, huwa ni jambo jingine kabisa, na jambo hilo ndilo tunalotaka kulizungumza.

Kwanza tuyatenge maneno, maana hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Kiswahili kina utajiri wa kumlaumu asiyefanya kazi: tuna uvivu, uzembe, ugoigoi, ulegevu, utegaji. Maneno yote hayo yanadhani kwamba kazi ipo na mtu ndiye anayeikimbia. Kwa mtu aliyepo ambaye kazi ndiyo imemkimbia, hatuna neno lililozoeleka. Neno "ukimwa" lipo, nalo ni zuri, kwa maana ya kuchoshwa na jambo mpaka moyo ukalikataa, lakini ni nadra kulisikia nje ya kamusi. Vijana wamejitafutia lao, husema "nimeboeka", nasi walimu tukawakaripia kwa kuchukua neno la Kiingereza na kulivika nguo za Kiswahili. Huenda tungewakaripia kwa haki zaidi kama tungekuwa tumewapa "ukimwa" mapema. Almuradi, anayekaa bila kazi kwa kuwa hakupewa tusimwite mvivu. Wala tusimchanganye na yule "mfanyakazi hewa" aliyevuma nchini Tanzania mwaka 2016, serikali ilipogundua maelfu ya majina yaliyokuwa yakilipwa mishahara ilhali watu wenyewe hawapo. Mfanyakazi hewa ni jina lisilo na mwili. Tunayemsema sisi ana jina na mwili pia, na mwili huo hufika ofisini kila asubuhi umepigwa pasi.

Tunajua jibu litakalotoka kwa wasomaji wengi, kwa sababu tumelisikia hapa hapa nyumbani. Muganza iko pembeni mwa bonde la Bugarama, mahali penye joto kuliko karibu kwingine kote Rwanda, na katika bonde hilo kuna watu wanaosimama matopeni tangu asubuhi wakipandikiza mpunga, migongo imepinda. Nenda kawaambie kwamba yuko mtu anayelipwa kwa kukaa kivulini, naye analalamika. Watacheka, na baada ya kicheko watakuomba uwaonyeshe njia ya kufika kwenye kiti hicho. Hoja hii ina uzito, na hatutaki kuipita kwa haraka. Mwenye njaa ana haki ya kutomhurumia aliyeshiba. Lakini haki hiyo haithibitishi kwamba aliyeshiba hana maradhi. Inathibitisha tu kwamba maradhi yake si njaa.

Tena mpunga wenyewe watufundisha jambo. Mashuke yanapoanza kujaa, ndege huja kwa makundi, na lazima pawe na mtu wa kuwaamia. Mtu huyo hukaa dunguni au ukingoni mwa shamba tangu jua kuchomoza mpaka kuchwa. Hutikisa kamba yenye makopo, hupiga kelele, hutupa donge la udongo, kisha hukaa tena. Ukizihesabu dakika ambazo mikono yake inafanya kitu, utapata chache mno. Hata hivyo hatujapata kumsikia mtu akimwita mwamia ndege kuwa ni mtu asiye na kazi, na yeye mwenyewe hajioni hivyo. Kila dakika anayokaa kimya, ukimya huo ni wa mpunga. Akisinzia saa moja, hasara itaonekana siku ya mavuno.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Kiwanda cha saruji cha CIMERWA, kilichoanzishwa mwaka 1984, kiko katika tarafa yetu hii, na tangu mtambo mpya wenye uwezo wa tani 600,000 kwa mwaka ulipozinduliwa mwaka 2015, wageni wengi wanaopita hutaka kukiona. Tanuri la saruji halizimwi usiku kama jiko la nyumbani; likishika moto huendelea mchana na usiku, na lazima wawepo watu wa kulitazama. Wakati mambo yanakwenda sawa, mtazamaji wa tanuri hufanya nini? Hukaa, husoma mishale na tarakimu. Anafanana na yule wa dunguni kuliko anavyofanana na mbeba mifuko.

Kutokana na mifano hiyo miwili twaona kwamba utupu tunaouzungumza hautokani na mikono kutulia. Mtu anaweza kutulia siku nzima akawa kazini kweli, na mwingine akazunguka siku nzima na faili kwapani asiwe kazini hata kidogo. Tofauti ni moja: je, yuko mtu au kitu kinachomhitaji? Kukosa kuhitajiwa ndiko kunakomla mfanyakazi, na wala si kukosa jasho.

Kwa nini basi jambo hili halionekani kuwa ni ubaya? Sababu moja, kwa maoni yetu, imo ndani ya neno lenyewe. Kinyarwanda kina neno la asili la kazi, "umurimo". Lakini mtu anayetafuta ajira hasemi kwamba anatafuta umurimo. Husema anatafuta "akazi", neno ambalo Kinyarwanda kilichukua kutoka Kiswahili. Tena halikuingia kwa mlango mzuri. Wakati wa utawala wa Wabelgiji, akazi ilikuwa ni kazi ya lazima, ya kutengeneza barabara na nyinginezo, na neno hilo liliandamana na mwenzake "ikiboko", ambalo hatuna haja ya kulifasiri. Kabla ya hapo, na hata pamoja na hapo, palikuwa na "uburetwa", yaani siku za kumtumikia chifu bila malipo, utumwa mdogo ambao watu waliuchukia mno. Sasa jamii iliyojifunza neno la ajira chini ya kiboko itamwonaje mtu anayelipwa bila kufanya kitu? Itamwona mjanja, aliyewashinda wenye kiboko. Hatusemi kwamba kila karani anaikumbuka historia hiyo anapokaa kitini. Twasema kwamba imebaki katika vichekesho vyetu, katika namna tunavyopongezana, na katika lile koti maarufu linaloachwa mgongoni mwa kiti ili ionekane mwenyewe hayuko mbali. Koti hilo linajulikana Nairobi, Dar es Salaam na Bujumbura, na kila linakotajwa watu hucheka.

Viti hivi vitupu havikujichonga vyenyewe. Vingine vilichongwa kwa huruma. Mwaka 1964, Kenya ilipokuwa changa, watu wasio na ajira walikuwa wengi na serikali ilikuwa na wasiwasi. Ukafanyika mkataba wa pande tatu, yaani serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi. Waajiri wa makampuni walikubali kuongeza wafanyakazi wao kwa asilimia 10, serikali ikakubali kuongeza wake kwa asilimia 15, na vyama vikakubali kutodai nyongeza za mishahara kwa muda. Jambo hilo lilirudiwa mwaka 1970 na tena mwaka 1979. Nia ilikuwa njema, na hatuna moyo wa kuwalaumu waliofikiri hivyo wakati watu walikuwa wakipanga foleni kuandikisha majina. Lakini tazama mpangilio wake: idadi ya watu iliwekwa kwanza, na kazi ikatakiwa ifuate. Mahali ambapo haikufuata, mtu aliajiriwa ili asiwe barabarani. Hiyo ni sadaka, na sadaka si dhambi. Lakini sadaka inayoitwa ajira humtaka mpokeaji ajifanye haijui kuwa ni sadaka.

Viti vingine huchongwa kwa majivuno. Mwingereza mmoja, C. Northcote Parkinson, aliandika mwaka 1955 juu ya ofisi za jeshi la wanamaji la nchi yake. Kati ya mwaka 1914 na 1928 manowari kubwa zilipungua kutoka 62 hadi 20, ilhali maofisa wa ofisi kuu waliongezeka kutoka 2,000 hadi 3,569. Aliandika kwa mzaha, lakini tarakimu hazikuwa mzaha. Mkuu hupimwa kwa idadi ya watu walio chini yake, kwa hiyo huwataka wawe wengi; na kwa kuwa anaogopa kwamba mmoja wao atajua mambo kuliko yeye, hawapi kazi ya maana. Tabia hiyo haihitaji manowari. Tumeiona mahali ambapo hata mtumbwi hakuna.

Halafu kuna mahali ambapo kazi ilikuwapo, tena nyingi, kisha ikafa na watu wakabaki. Mfano ulio mchungu kuliko yote tunaoujua ni wa majirani zetu wa Kongo, kusini kabisa, katika miji ya shaba ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya kazi. Kampuni ya serikali ya Gécamines, iliyorithi migodi ya Union Minière baada ya mwaka 1967, ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Mwaka uliofuata ukaja uporaji mijini, kisha machafuko ya kufukuzana. Mitambo ilichakaa bila vipuri. Uzalishaji ulishuka mpaka haukufika hata sehemu ya kumi ya ule wa zamani. Lakini maelfu ya wafanyakazi waliendelea kuandikwa katika madaftari ya kampuni, na wengi waliendelea kuripoti, ingawa mishahara ilichelewa miezi mingi. Walikwenda kutazama mitambo iliyonyamaza. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, ukaanzishwa mpango wa kuondoka kwa hiari, na zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakachukua malipo na kuondoka. Wengi wao walidai kwa miaka baadaye kwamba walipunjwa.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini uamke alfajiri kwenda mahali pasipo kazi wala mshahara? Majibu ya kawaida ni ya kweli. Waliogopa kupoteza malimbikizo yao, na nyumba, na shule za watoto, na hospitali ya kampuni. Lakini Johannes Fabian, aliyeandika mwaka 1973 juu ya maana ya neno "kazi" kwa wafanyakazi wasemao Kiswahili wa mkoa huo, alionyesha kwamba neno hilo kwao lilikuwa limebeba zaidi ya kipato. Kuwa na kazi kulikuwa ni kuwa mtu kamili. Ndiyo maana mtu aliweza kuishikilia kazi hata ilipokuwa imebaki jina tu. Hapo ndipo sisi tunaposita kuwacheka watu wa kiti kitupu. Jina la kazi ni kitu kizito, na mwanadamu hulishika kwa mikono miwili hata likiwa halina kitu ndani.

Tutaje na kisa kimoja cha karibu. Kijana mmoja tuliyemfundisha, ambaye hatutamtaja yeye wala ofisi yake, alipata ukarani katika mji mmoja ulio mbali na hapa. Wiki za kwanza alijiona mwenye bahati. Kazi yake ilikuwa kunakili majina kutoka daftari moja kwenda jingine, na ilikuwa ikimalizika saa nne. Alipomwendea mkuu wake kuomba nyingine, aliambiwa asiwe na haraka. Alipoomba mara ya pili, mkuu alimtazama kwa mashaka, kama mtu aliyetumwa kumpeleleza. Wenzake wakamwita pembeni wakamwambia, "Mdogo wetu, unatuharibia." Tangu hapo alijifunza kazi mpya, ambayo haikuandikwa katika barua yake: kazi ya kuonekana. Alijua wakati wa kutembea na karatasi mkononi, wakati wa kukunja uso, wakati wa kufungua droo na kuifunga. Alituambia kwamba jioni alirudi amechoka kuliko siku zile za likizo alizokuwa akipakia mchanga. Hakuwa na wa kumlalamikia, kwani nyumbani alikuwa fahari ya familia na wadogo zake walisomeshwa kwa mshahara huo. Neno alilotuambia hatujalisahau: "Mwalimu, siibi kitu, lakini kila mwisho wa mwezi nasaini kama mwizi."

Tulimwuliza, kwa ujinga wa watu wenye vitabu vingi na muda mchache, kwa nini hasomi. Saa tano huru kila siku ni hazina! Akatujibu kwamba alijaribu, akaona macho yanapita juu ya mistari na akili haiingii. Jibu hilo tulilielewa baadaye tuliposoma juu ya Marienthal, kijiji cha Austria ambacho kiwanda chake cha nguo kilifungwa karibu na mwaka 1930. Watafiti waliokwenda huko, Marie Jahoda na wenzake, walitoa kitabu chao mwaka 1933. Walikuta kwamba watu waliokosa kazi, waliokuwa sasa na saa zote za dunia, waliazima vitabu vichache maktabani kuliko walipokuwa wakitoka kiwandani wamechoka. Hata mwendo wa wanaume barabarani ulikuwa umepungua kasi. Wale walikuwa wameachishwa kazi, nasi twasema juu ya walioajiriwa. Lakini yaonekana saa isiyodaiwa na mtu hukosa uti wa mgongo, na mwenyewe hawezi kuisimamisha peke yake. Mwenye kiti kitupu ana mzigo wa ziada: hata uhuru wa kukiri kwamba hana kazi hana.

Na huu ndio ubaya wenyewe, kama tunavyouona. Kukaa bure kunachosha. Kulazimishwa kuficha kwamba umekaa bure kunaharibu. Mtu mkweli anageuzwa mwongo wa saa nane kwa siku, tena mwongo asiyefaidika na uongo wake, maana mshahara angeupata vilevile. Baada ya miaka kadhaa hujui tena kama wewe ni mvivu au ulifanywa hivyo. Uwezo uliokuja nao umelala muda mrefu, na ikitokea kazi ya kweli siku moja, unaiogopa.

Je, nani mwenye kosa? Sisi tunaanza na mkuu wa kazi, kwa sababu yeye ndiye mwenye nyumba na jembe liko kwake. Amekabidhiwa amana mbili, fedha za walipa kodi au za wenye kampuni, na miaka ya mtu ambayo hairudi. Akimweka mtu bila kazi kwa sababu ya majivuno au hofu, amezidhulumu zote mbili, na ile ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza, kwa kuwa fedha hurudishwa. Huko Ufaransa jambo hili limekwisha kufika mahakamani. Mwaka 2020 mahakama ya rufaa ya Paris ilimpa haki, na fidia, mfanyakazi wa kampuni moja ya manukato aliyedai kwamba kunyimwa kazi za maana kulimletea maradhi. Wengi walicheka waliposikia. Sisi hatukuona la kuchekesha.

Lakini mfanyakazi naye hatumwachi. Tunamtenga katika hali mbili. Yupo aliyekwenda akasema waziwazi, walau mara moja, "Sina kazi, nipeni kazi," akakataliwa. Huyo akijifunza lugha mezani pake, au akisoma kwa ajili ya mtihani, hatumwiti mwizi wa saa za ofisi. Saa hizo zilikataliwa na wenyewe. Na yupo aliyeugundua utupu akaupenda, akaujengea ukuta, akawa anapoulizwa hulia kwamba kazi zimemzidi, na kijana mpya akija na ari humvunja moyo kabla hajamaliza mwezi. Huyu hana utetezi kwetu. Kati yao kuna wengi, kama yule anayeuza vitenge chini ya meza, na juu yao hatuna hukumu ya haraka.

Twakiri kwamba tunachokidai kwa yule wa kwanza ni kigumu. Anayesema "sina kazi" katika nchi yenye watafuta kazi wengi anaweza kujibiwa, "Basi nenda." Atakuwa amesema kweli na watoto wamekosa ada. Haifai kumtaka kila karani awe shujaa. Kwa hiyo wenye mamlaka ndio wanaopaswa kuanza, kwa kuweka utaratibu kwamba anayekiri hana kazi ahamishiwe penye kazi kabla ya kufikiriwa kupunguzwa. Hapa kwetu imihigo, yaani ahadi za utendaji zilizoanza mwaka 2006, zimewazoesha viongozi kuulizwa kila mwaka walichotimiza. Ni swali zuri. Tungependa liongezewe mwenzake: katika watu ulio nao, ni nani ambaye asipokuja kesho hakuna kitakachopungua, na umemfanyia nini? Hata katika umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi tumewahi kuona mtaro mmoja mfupi umezungukwa na watu wengi mno, nusu yao wameegemea majembe. Kiongozi mwenye akili huwagawa, wengine wakaenda kwenye nyumba ya mjane iliyovuja. Hapungukiwi kitu kwa kuwagawa.

Sisi walimu wa Kiswahili jambo hili latugusa kuliko tunavyopenda kusema. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda, nasi tulishangilia, na tulikuwa na haki. Lakini tunawajua wenzetu ambao ratiba zao zina vipindi vichache sana, nao hukaa katika chumba cha walimu wiki nzima kama mlinzi wa ghala tupu. Baadhi yao wameanzisha vikundi vya mazungumzo, wengine hukaa na wafanyabiashara wa soko la Bugarama kuwasaidia kuandika lugha ambayo wanaisema vizuri kuliko sisi. Wengine wamenyamaza, wakihofu kwamba wakifumbua kinywa kipindi chao cha mwisho nacho kitafutwa. Hatujui kama tungewashauri vingine.

Kila mwaka huwapa wanafunzi insha ya "Faida za Kazi", nao hutuandikia aya tatu wanazozijua kwa moyo. Muhula ujao tutaibadili. Tutawataka waeleze siku moja ambayo walikuwapo mahali na hawakuhitajiwa, na walifanya nini mpaka jioni. Wenzetu watakaopenda kuijaribu katika shule zao watuletee insha mbili tatu zilizo bora. Na mwenye vipindi vichache, ambaye ameona njia ya kumweleza mkuu wa shule bila kuvipoteza, tafadhali atuandikie namna alivyosema, neno kwa neno ikiwezekana.